Kansa: Mgonjwa Arudipo Nyumbani, Ulinzi Wake Huanzia Jikoni

KIYEYI ni eneo la wakulima katika Wilaya ya Tororo, mashariki ya Uganda, si mbali na mpaka wa Kenya. Wakazi wake hulima wimbi, mtama, mihogo, mahindi na karanga. Hufuga kuku na ng'ombe wachache. Na hununua dagaa na samaki wanaoletwa kutoka Ziwa Viktoria. Huko, kama ilivyo katika vijiji vingi vya pande zote mbili za mpaka, mtu akipatwa na kansa hatibiwi karibu na nyumbani. Aliye upande wa Uganda aghalabu hupelekwa Kampala, katika Taasisi ya Kansa ya Uganda iliyoko Mulago, safari ya zaidi ya kilomita 200 kutoka mjini Tororo. Aliye upande wa Busia ya Kenya huelekezwa Kisumu au Eldoret.

Mgonjwa hutundikiwa dawa kwa siku moja au siku chache, kisha huruhusiwa kurudi nyumbani hadi zamu nyingine, ambayo mara nyingi huwa baada ya wiki mbili, tatu au nne. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya matibabu hayo hupita nyumbani, wala si hospitalini. Daktari na muuguzi huwa mbali. Aliye karibu ni yule anayempikia mgonjwa, awe mke, mama, mume, dada au binti. Mpishi huyo asipoelezwa mambo machache yaliyo muhimu, anaweza bila kujua kuubomoa usiku ule ukuta ambao hospitali iliujenga mchana.

Dawa za kansa si jambo geni katika nchi hizi. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, alichapisha habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwapata watoto wa Afrika, na ambao baadaye uliitwa kwa jina lake. Uvimbe huo huonekana zaidi katika nchi zenye malaria nyingi, na Tororo ni mojawapo. Katika miaka ya 1960 ilidhihirika mjini Kampala kwamba baadhi ya watoto hao waliweza kupona kabisa kwa dawa peke yake, na mwaka 1967 Taasisi ya Kansa ikaanzishwa. Kwa hiyo anayesema kwamba kutibu kansa ni kupoteza fedha bure hasemi kweli. Lakini dawa hizo ni kali, na ni msiba mkubwa mgonjwa ambaye uvimbe wake umeanza kunywea akipotezwa na kuhara kulikoletwa na mchuzi uliolala.

KWA NINI CHAKULA CHA KILA SIKU HUWA HATARI

Dawa za kansa hushambulia chembe za mwili zinazozaana upesi. Chembe za kansa huzaana upesi, na ndiyo sababu hufa. Lakini zipo chembe njema nazo zenye tabia hiyo hiyo: zile za mizizi ya nywele, za utando wa kinywa na utumbo, na za uboho wa mifupa, mahali ambapo damu hutengenezwa. Kwa hiyo nywele hunyonyoka, kinywa hutoka vidonda, tumbo huchafuka, na damu hupungukiwa na chembe nyeupe, ambazo ndizo askari wa mwili.

Kwa dawa nyingi za namna hii, chembe nyeupe hufikia uchache wake wa mwisho baina ya siku ya 7 na siku ya 14 baada ya mgonjwa kutundikiwa dawa. Baadaye huanza kupanda tena, na kwa kawaida huwa zimerudi kufikia wiki ya tatu au ya nne. Katika siku hizo za uhaba, utando wa utumbo nao huwa umechubuka. Vijidudu ambavyo kwa mtu mwenye afya vingemletea msokoto wa tumbo wa siku moja, kwa mgonjwa huyu hupenya utumbo na kuingia katika damu.

Vijidudu hivyo havionekani kwa macho, na mara nyingi havibadili ladha wala harufu ya chakula. Salmonela hukaa katika kuku na mayai. E-koli hutoka katika kinyesi cha watu na wanyama, kisha huingia katika maji, nyama na mboga. Listeria hupatikana katika maziwa mabichi, na ina uwezo wa kuzaana hata ndani ya friji. Kwa hiyo kuonja na kunusa si kipimo cha kutosha.

Jambo la kwanza, basi, ni kuhesabu siku. Siku ya dawa iandikwe kwenye kalenda au kwenye daftari la mgonjwa, na siku zinazofuata zihesabiwe. Uangalifu wa jikoni unatakiwa muda wote wa matibabu, lakini katika wiki ya pili baada ya dawa haifai kulegeza hata kidogo.

MAJI, MIKONO NA VYOMBO

Maji ya kunywa ya mgonjwa yachemshwe, hata kama yametoka katika kisima cha pampu kinachosifiwa kwa usafi, kwa maana maji safi huweza kuchafuka ndani ya jerikeni njiani. Yachemke ya kububujika kwa dakika moja kamili, yaachwe yapoe yakiwa yamefunikwa, kisha yawekwe katika chombo chenye mdomo mwembamba au chenye bomba. Yamiminwe, yasichotwe kwa kikombe kilichoshikwa na kila mkono. Maji hayo ndiyo ya kupigia mswaki na kusukutulia, hasa kinywa kikiwa na vidonda. Barafu, na sharubati zinazouzwa mjini katika ndoo, ziepukwe, kwa kuwa hakuna ajuaye maji yake yalitoka wapi.

Mpishi anawe mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kupika, baada ya kutoka chooni, baada ya kumsafisha mtoto, na baada ya kushika nyama mbichi, kuku au mifugo. Mwenye kuharisha au kutapika asimpikie mgonjwa hata kidogo. Kazi hiyo ashike mwingine.

Lipo jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Kwa muda wa saa 48 hivi baada ya kutundikiwa, dawa ya kansa hutoka mwilini kwa njia ya mkojo, kinyesi na matapishi. Anayesafisha ndoo au mashuka ya mgonjwa katika siku hizo avae glavu, kisha anawe vizuri kabla ya kugusa chakula cha mtu yeyote.

Nyama mbichi na chakula kilichoiva visikutane. Kama nyumba ina kibao kimoja tu cha kukatia, mboga zikatwe kwanza na nyama mwisho, kisha kibao na kisu vioshwe kwa sabuni na maji ya moto. Vyombo vikishaoshwa vianikwe juu ya kichanja uani, juani, mahali ambapo kuku na mbwa hawafiki. Kichanja cha miti hakigharimu fedha, nacho ni bora kuliko kufuta sahani kwa kitambaa chenye unyevu ambacho kimefuta vitu vingine tangu asubuhi.

KIPIKWE KIIVE, KILIWE KINGALI MOTO

Kanuni iliyo kubwa kuliko zote ni fupi: kipikwe kiive hadi ndani, na kiliwe kingali moto. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba chakula kinapofikia joto la nyuzi 70 za Sentigredi hadi katikati, vijidudu karibu vyote hufa. Katika jiko la kijijini hakuna kipimajoto cha nyama, lakini zipo dalili. Mchuzi utokote kote, si pembeni tu. Kuku akichomwa kwa kisu pajani atoe maji meupe yasiyo na damu. Yai liive hadi kiini kigande.

Chakula kilichoiva kisikae nje kwa zaidi ya saa mbili. Katika joto la Tororo na Busia, sufuria iliyofunikwa na kuachwa juu ya mafiga yaliyopoa huwa kitalu cha vijidudu. Nyumba isiyo na friji isione kwamba imeshindwa. Inachotakiwa ni kupika kidogo kidogo. Mgonjwa apikiwe kiasi cha mlo mmoja, na kinachobaki kiliwe papo hapo na wengine wa nyumbani. Uji waweza kutiwa katika chupa ya chai ukiwa unachemka, nao utabaki moto kwa saa kadhaa, alimradi chupa hiyo ioshwe kwa maji yaliyochemka kila siku.

Wapo wanaodhani kuwa kukipasha moto chakula kilicholala huondoa kila hatari. Sivyo. Wali uliolala nje, kwa mfano, huweza kuwa na sumu iliyoachwa na bakteria, ambayo haiharibiki hata ukichemshwa upya. Wali wa jana, basi, si chakula cha mgonjwa huyu.

VYAKULA VYA MPAKANI, KIMOJA KIMOJA

Habari njema ni kwamba chakula cha asili cha sehemu hizi ndicho kinachomfaa mgonjwa. Ugali wa wimbi au wa mahindi hupikwa kwa maji yanayochemka. Kunde, maharage na mboga za majani huchemshwa muda mrefu. Viazi vitamu na mihogo huiva katika mvuke. Mgonjwa hahitaji vyakula vya makopo vya bei kubwa. Yanayotaka uangalifu ni haya yafuatayo.

Dagaa, ambao Wakenya huwaita omena na Waganda mukene, mara nyingi huanikwa chini, ufukweni, mahali wanapopita watu, ndege na mbwa. Ni chakula chenye nguvu nyingi na bei nafuu, wala haifai kuwaacha. Wachaguliwe, waoshwe mara kadhaa kwa maji ya moto hadi mchanga uishe, kisha wakaangwe au wachemshwe vizuri. Samaki wa kukaushwa kwa moshi naye arudishwe katika mchuzi unaotokota. Asiliwe hivi hivi.

Maziwa yote yachemshwe, hata yale yaliyokamuliwa nyumbani asubuhi ile. Maziwa ya mgando yaliyogandishwa kutoka maziwa mabichi yaachwe mpaka matibabu yaishe.

Mayai ni dawa ya udhaifu, lakini yaive. Wapo wanaoamini kwamba yai bichi lililokorogwa katika maziwa au soda huongeza damu. Yai lililochemshwa lina manufaa yale yale bila ya hatari ile. Chapati ya mayai inayouzwa kando ya barabara, ile iitwayo rolex, yaweza kuliwa ikiwa mayai yameiva kabisa na hakukutiwa kabichi wala nyanya mbichi ndani yake.

Kumbikumbi wanaporuka baada ya mvua, watoto huwaokota na kuwala papo hapo. Mgonjwa naye asinyimwe utamu huo, bali wake waoshwe na wakaangwe vizuri kwanza.

Pombe ya wimbi, ambayo Jopadhola huiita kongo na Wateso ajono, hunywewa na wazee kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Mgonjwa anayetundikiwa dawa asiinywe. Pombe hulichosha ini, ambalo lina kazi ya kuzichuja dawa zile, na mirija inayopita kinywa hadi kinywa hupitisha maradhi. Anaweza kuketi na wenzake barazani akiwa na kikombe chake cha uji.

Udongo wa kula unaouzwa sokoni, ambao upande wa Kenya huitwa odowa, hutamaniwa sana na baadhi ya wanawake, hasa kichefuchefu kikizidi. Udongo huo hubeba vijidudu na mayai ya minyoo. Uachwe.

Mitishamba nayo isinywewe kwa siri. Baadhi yake hugombana na dawa za hospitali au huumiza ini. Daktari aambiwe kwa uwazi ni mti gani na ni kiasi gani. Si vibaya kuuliza.

MATUNDA NA MBOGA MBICHI

Zamani hospitali nyingi duniani ziliwakataza wagonjwa wa namna hii matunda na mboga mbichi zote. Siku hizi katazo hilo limelegezwa. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa hospitali ya M.D. Anderson, mjini Houston, Marekani, juu ya wagonjwa 153 wa kansa ya damu. Nusu yao walipewa vyakula vilivyopikwa tu, na nusu wengine walipewa matunda na mboga mbichi pia. Haikuonekana tofauti ya maana katika maambukizo makubwa baina ya makundi hayo mawili.

Hata hivyo, yafaa kukumbuka kwamba wagonjwa wale walikuwa wamelazwa, na matunda yao yalitayarishwa katika jiko la hospitali lenye maji safi ya bomba. Kwa Kiyeyi funzo lake ni hili: tunda si adui, adui ni uchafu ulio juu ya tunda. Kwa hiyo lililo bora ni tunda la kumenya: ndizi, chungwa, embe, papai, parachichi. Lioshwe kwanza likiwa na ganda lake, kwa sababu kisu hupitisha uchafu wa ganda hadi ndani. Limenywe na mpishi aliyenawa, liliwe wakati ule ule. Papai na tikiti vilivyokatwa na kuwekwa juu ya meza sokoni vipitwe. Kachumbari na mboga mbichi ambazo haziwezi kumenywa zisubiri mpaka daktari aseme kwamba damu imerudi. Balungi huweza kubadili nguvu ya baadhi ya dawa. Mgonjwa aulize hospitalini kabla ya kulila.

UKUNGU KATIKA KARANGA NA MAHINDI

Mwezi Machi 2021 malori yaliyobeba mahindi ya Uganda yalikwama Busia na Malaba, baada ya Kenya kuzuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumu ya kuvu. Siku chache baadaye zuio liliondolewa kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba sumu iitwayo aflatoksini isizidi sehemu 10 katika bilioni. Wafanyabiashara walilalamika sana, lakini hatari yenyewe haikuwa ya kubuni. Mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliwapata watu 317 nchini Kenya, wengi wao katika Makueni na Kitui, na 125 kati yao wakafa.

Aflatoksini hutengenezwa na ukungu unaoota juu ya mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu. Huliumiza ini, na ikiliwa kwa miaka huleta kansa ya ini. Moto wa jikoni hauiondoi. Njia ya kujikinga ni kukausha mazao juu ya turubai badala ya ardhi tupu, kuyaweka mahali pakavu, na kuchagua. Karanga iliyosinyaa, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au iliyo chungu itupwe. Isisagwe ili kufichwa ndani ya mchuzi, wala isipewe kuku au kutiwa katika pombe.

Kwa mgonjwa anayetundikiwa dawa kuna hatari nyingine tena. Vumbi la nafaka yenye ukungu likivutwa puani huweza kuotesha ukungu huo mapafuni mwa mtu asiye na askari wa damu. Kwa hiyo mgonjwa asipukuchue mahindi, asipepete, asiingie ghalani kufagia. Kusafisha banda la kuku nako kuwe kazi ya wengine.

WAGENI, SAHANI NA MATANGA

Mgonjwa akirudi kutoka Kampala, jamaa huja kumtazama, na mgeni wa Kiafrika haji mikono mitupu. Huleta kuku aliyekwisha kupikwa, maziwa ya kibuyu, ndizi, mayai. Kukataa ni kumvunjia heshima. Njia iliyo nzuri ni kupokea kwa mikono miwili na kushukuru, kisha maziwa yachemshwe, ndizi zioshwe, na kile kilichopikwa mbali saa nyingi zilizopita kiliwe na watu wenye afya. Jambo hili alieleze mkubwa mmoja wa nyumba, kwa upole, ili mgonjwa mwenyewe asionekane kuwa na majivuno.

Sahani na kikombe cha mgonjwa viwe vyake peke yake, na asile katika sinia moja na wengine. Lakini sababu yake ielezwe wazi, hasa kwa watoto na majirani: kansa haiambukizi. Sahani yake imetengwa ili maradhi ya watu wengine yasimfikie yeye. Aketi pamoja nao, ale saa ile ile, na mkeka wake uwe ule ule. Anayekula peke yake kila siku hupoteza hamu ya kula.

Chakula cha matangani hupikwa kwa masufuria makubwa na hukaa nje muda mrefu. Mgonjwa akilazimika kuhudhuria, ale kabla ya kuondoka nyumbani au abebe chake.

SAFARINI

Safari ya kwenda na kurudi Mulago ina majaribu yake. Gari likisimama Namawojjolo au Najjembe katika barabara ya Jinja, wauzaji huyazunguka madirisha wakiwa na kuku na nyama katika vijiti, gonja, mihogo ya kuchoma na chupa za vinywaji. Nyama ya kijiti huwa haijulikani imechomwa saa ngapi, na mara nyingine imeungua nje huku ndani ingali mbichi. Msafiri mgonjwa anunue ndizi mbivu ya kumenya mwenyewe, au gonja linalotolewa motoni mbele ya macho yake. Bora zaidi ni kutoka nyumbani na viazi vilivyochemshwa alfajiri ile, yai gumu lenye ganda lake, chupa ya uji wa moto, maji yaliyochemshwa na kipande cha sabuni. Viazi na yai viliwe mapema, kabla saa mbili hazijapita.

ASISHINDE NA NJAA

Baada ya maonyo yote hayo, isije ikaonekana kwamba usalama ni kumnyima mgonjwa chakula. Wapo wanaosema kuwa mgonjwa akila vizuri hulisha kansa, kwa hiyo hunyimwa nyama, mayai na sukari. Huo ni uvumi wa hatari. Mgonjwa anayekonda hushindwa kustahimili dawa, na zamu zake huahirishwa.

Tumbo likichafuka ale kidogo kidogo, mara tano au sita kwa siku, bila kungoja saa za mlo. Kinywa kikiwa na vidonda, pilipili na ndimu ziwekwe kando. Apewe uji, viazi vilivyopondwa, mchuzi wa karanga na maziwa yaliyochemshwa, vikiwa vuguvugu, baada ya kuiva vizuri. Akiharisha, arudishiwe maji kwa lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vya kupimwa kwa usawa, na habari zake zipelekwe hospitalini.

Uji ufuatao hutosha watu wawili. Vinahitajika vijiko vikubwa 4 vya unga wa wimbi, vikombe 2 vya maji, kikombe 1 cha maziwa, vijiko vikubwa 2 vya karanga zilizochaguliwa, zilizokaangwa na kusagwa laini, na sukari ya kutosha. Korogea unga katika nusu kikombe cha maji baridi. Chemsha maji yaliyobaki, mimina unga huku ukikoroga ili usifanye madonge, uache utokote kwa dakika 15. Tia maziwa, yachemke pamoja na uji. Tia karanga na sukari, koroga kwa dakika 5 zaidi, kisha epua. Kinachobaki asinyweshwe mgonjwa jioni.

HOMA SI YA KUNGOJA ASUBUHI

Hata jiko lililo safi kuliko yote haliwezi kuzuia kila kijidudu, kwa kuwa vingine huwa tayari mwilini. Kwa hiyo kila nyumba yenye mgonjwa anayetundikiwa dawa iwe na kipimajoto, na kila mtu mzima wa nyumba hiyo ajue kukisoma. Joto likifika nyuzi 38 au zaidi, au mgonjwa akitetemeka kwa baridi, hiyo ni dharura.

Hapo ndipo mazoea ya nchi yenye malaria huweza kuua. Tororo na Busia wameizoea homa. Mtu akichemka mwili hununuliwa dawa ya malaria dukani, hufunikwa blanketi, na hungojewa kupambazuke. Kwa mtu mwingine huenda akaamka salama. Kwa mgonjwa aliye katika siku ya kumi baada ya dawa ya kansa, usiku mmoja ni mwingi mno. Bakteria wakishaingia katika damu isiyo na chembe nyeupe huzaana bila kupingwa, na asubuhi mgonjwa huweza kukutwa amezimia.

Asipewe dawa ya kushusha joto ili asubiri, kwa sababu dawa hiyo huficha dalili bila kuondoa chanzo. Apelekwe mara moja katika hospitali iliyo karibu, Tororo au Busia, akiwa na daftari lake la matibabu. Anayemsindikiza aseme mlangoni, kabla ya maneno mengine yoyote: huyu anatibiwa kansa kwa dawa za kutundikiwa, alitundikiwa siku fulani, na sasa ana homa. Apimwe malaria, naam, lakini asingoje majibu ya malaria ndipo aanzishiwe dawa ya kuua bakteria; inatakiwa kuanzwa ndani ya saa moja tangu afike. Namba ya simu ya kliniki anakotibiwa iandikwe kwenye ganda la daftari hilo ili madaktari waulizane.

Na kwa kuwa homa haichagui siku ya soko, nauli ya usiku huo itengwe mapema, hata kama ni ya kuuza kuku mmoja, na mwenye boda boda wa jirani aarifiwe kwamba huenda akaamshwa. Usafiri huo ulizaliwa hapo hapo mpakani, kwa kuvusha watu na mizigo baina ya Kenya na Uganda. Nyumba iliyokwisha kupatana na mwendeshaji wake mapema haitapoteza saa mbili ikitafuta pikipiki gizani.